Mgema Asisifiwe, Apimwe

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii hufundishwa shuleni kama onyo dhidi ya kummiminia mtu sifa hadi akaharibu kazi yake, na mafunzo hayo ni sahihi. Lakini ndani yake mmejificha jambo jingine ambalo wengi hatulitazami. Methali inachukulia kwamba mnywaji ana ulimi wa kutambua. Tembo likitiwa maji, mnywaji atajua. Atanung'unika, ataiweka kata chini, na kesho atakwenda kwa mgema mwingine. Ulimi wake ndio uliokuwa hakimu, na hukumu yake ilitosha kwa sababu hila kubwa ya mgema ilikuwa maji.

Siku hizi kinachotiwa katika kileo cha maskini si maji tu. Mara nyingine ni methanoli, kemikali ya viwandani inayotumiwa kuyeyushia rangi na kutengenezea gundi, ambayo hupofusha na kuua. Ulimi wa binadamu, hata uwe mjuzi kiasi gani, hauwezi kuitenga na kileo cha kawaida. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kileo kilichopimwa kimekuwa fahari ya mwenye nacho peke yake. Sheria zetu, badala ya kumpima mgema wa Kibera na Kawangware, zimekuwa zikimkimbiza. Na anayekimbizwa hapimwi.

Ili tuelewane, sharti tuanze na meza ya tajiri.

Majuzi nilialikwa katika nyumba moja mtaani Lavington ambako wazee kadhaa waliostaafu walikuwa wakionja na kuhukumu wiski ya Scotland. Haikuwa wiski ya kawaida ya baa. Ilikuwa ile itokanayo na kimea cha shayiri peke yake, ikakenekwa katika mitambo ya shaba ya kiwanda kimoja, kisha ikalazwa kwa miaka mingi ndani ya mapipa ya mwaloni yaliyokuwa yamehifadhi sheri, divai nzito ya Jerez kusini mwa Uhispania. Hapo zamani divai hiyo ilisafirishwa hadi Uingereza katika mapipa, na Waskoti, watu wasiopenda kutupa kitu, wakayajaza wiski mapipa matupu yaliyobaki bandarini. Wakagundua kwamba mbao zile ziliipa wiski rangi nyekundu na utamu ambao haukuwapo. Viwanda kama Macallan na GlenDronach vimejenga sifa yao juu ya mapipa hayo.

Nilishangazwa na taratibu za wazee wale. Kwanza waliinua glasi, ndogo na yenye mdomo mwembamba, wakaitazama rangi dhidi ya taa. Mmoja akaonya kwamba rangi ni shahidi mwongo, kwa maana sheria ya Waskoti yenyewe inaruhusu kiwanda kutia rangi ya sukari iliyounguzwa. Kisha wakanusa, si mara moja bali mara tatu nne, mdomo ukiwa wazi kidogo. Wakataja zabibu kavu, tende, ganda la chungwa, karafuu, na harufu niliyoitambua mara moja, ya sukari nguru inapoyeyuka jikoni. Wakatia matone machache ya maji ili kileo kifunguke, wakanusa tena, na hapo ndipo walipoonja. Waliikawiza kinywani, wakaimeza polepole, wakanyamaza kusikiliza ladha inavyokwenda zake. Baada ya hapo ndipo hukumu ilipotolewa. Chupa ya kwanza ilisifiwa kwa uwiano. Pipa halikuwa limemeza shayiri. Ya pili ilikosolewa kwa kuwa na harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa, dosari ambayo husababishwa na salfa katika mapipa mengine ya sheri.

Waama, ni elimu. Sikuikebehi nikiwa pale wala siikebehi hapa. Lakini katika muda wa saa mbili zile hakuna hata mmoja aliyeuliza swali la kwanza ambalo mnywaji yeyote angepaswa kuuliza: je, kitu hiki kitaniua? Hawakuuliza kwa sababu swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa na watu wengine kwa niaba yao. Sheria ya Scotland inaamuru kwamba wiski ikae katika pipa la mwaloni lisilozidi lita 700 kwa muda usiopungua miaka 3, na kwamba isiingie katika chupa ikiwa na nguvu ya chini ya asilimia 40. Kuna maofisa wa kodi, kuna maabara, kuna jina na anwani kwenye kibandiko. Wazee wale walikuwa huru kujadili zabibu na karafuu kwa kuwa dola mbili, ile ilikotengenezwa na hii ilikoingizwa, zilikuwa zimekwisha kuwaondolea hofu ya kifo.

Tuvuke sasa barabara. Kutoka Lavington hadi Kawangware ni mwendo wa miguu usiomtoa mtu jasho. Halikadhalika, kinachotenga mtaa wa Kibera na Barabara ya Ngong ni uwanja wa gofu wa Royal Nairobi, ambako mchezaji akipotosha kipigo chake huyaona mabati ya mabanda. Watu wa pande hizi mbili hukutana kila asubuhi. Mmoja huenda kumfulia nguo mwenzake na kumlindia lango. Jioni kila mmoja hurejea kwake, na kila mmoja, kama ni mnywaji, huitafuta glasi yake.

Asidhani mtu kwamba mnywaji wa chang'aa hana ujuzi. Nimeketi na watu hawa katika shughuli zangu za uandishi, nikawasikia wakihukumu kileo kwa umakini usiopungua ule wa Lavington. Watakwambia kwamba chang'aa ya mtama na wimbi hutelezea kooni, ilhali ya sukari nguru pekee hukwaruza. Watatambua kwa pua kama kangara, yaani ule mchanganyiko uliochachuka kabla ya kukenekwa, iliungulia chini ya pipa kwa sababu ya moto wa pupa. Watakwambia pia kama ni tone la mwanzo, ambalo lina makali, au la mwisho, ambalo limepoa na kunuka kama kitambaa kibichi. Mgema wa Scotland naye hutenganisha hivyo hivyo: hutoa kichwa, hutoa mkia, akabakiza moyo. Tofauti ni kwamba yeye hukirudisha kichwa mtamboni kikakenekwe upya, ilhali kwetu kuna wanaokililia kwa sababu ya makali yake.

Aidha, wana mitihani yao. Wapo wanaotikisa chupa na kuyatazama mapovu: yakiwa makubwa na yakadumu, kileo kina nguvu, yakitoweka upesi, kimetiwa maji. Wapo wanaomwaga matone kwenye kifuniko na kuyawasha kwa kiberiti, na moto wa samawati ukipanda husema kwamba hii ni safi. Hii si mizaha ya washamba. Maofisa wa kodi wa Uingereza wa zamani walikuwa wakiilowesha baruti kwa kileo na kuiwasha ili kujua nguvu yake, mpaka kipimo cha kuelea, haidromita, kilipokubaliwa kisheria mwanzoni mwa karne ya 19.

Nilimuuliza mama mmoja wa Kawangware, ambaye amesomesha watoto kwa biashara hii, kama huuamini mtihani wa kiberiti. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu," akasema, "ninayoipika mwenyewe naiamini. Ile inayoletwa na pikipiki usiku ndani ya mtungi wa plastiki, hata mimi siinusi."

Mama huyu, ambaye hajapata kuingia maabara, ameligusa jambo lenyewe. Mitihani yote niliyoitaja hupima nguvu ya kileo, haipimi sumu. Methanoli nayo huwaka moto wa samawati, hafifu kiasi kwamba mchana hauonekani vizuri. Methanoli nayo hutoa harufu ya kileo na kuunguza ulimi kama kileo. Hata haidromita haisaidii, kwa maana uzito wa methanoli na wa ethanoli, ile ilevyayo, unakaribiana mno. Laiti wazee wa Lavington wangepewa glasi yenye mchanganyiko huo pamoja na pua zao zote zilizofunzwa, nao wangeweza kuinywa.

Sumu hii ni ya hila hata baada ya kumezwa. Mnywaji hulewa kama kawaida, huimba kama kawaida, hurudi nyumbani na kulala. Wakati huo ini linaigeuza methanoli polepole kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo huushambulia mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo. Saa kumi na mbili baadaye, au hata siku nzima, mtu huamka akaona ukungu, akadhani ni mning'inio wa pombe. Kiasi cha mililita 10 hivi za methanoli tupu chaweza kumpofusha mtu mzima, na mililita 30 zaweza kumuua. Hicho si kikombe. Ni vijiko viwili vya kulia chakula. Tiba ipo, tena mojawapo ya dawa zake ni ethanoli yenyewe ikitolewa hospitalini kwa kipimo cha daktari, lakini sharti mgonjwa afike mapema. Mlevi wa kileo haramu hafiki mapema. Anaogopa kukamatwa, na jamaa zake wanaona haya.

Tumekwisha kuyaona matokeo. Mnamo Novemba 2000, kileo kilichoitwa kumi kumi, kwa kuwa kiliuzwa shilingi 10, kiliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, hasa Mukuru, na kuwaacha wengine wakipapasa kuta. Mnamo Mei 2014, makumi ya watu waliangamia kwa siku chache katika kaunti za Embu, Kiambu, Kitui na Makueni. Mnamo Februari 2024 ikawa zamu ya kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Katika mkasa huo wa Kirinyaga, serikali yenyewe ilieleza kwamba kileo kilichowaua watu kilikuwa kimenaswa awali na kuwekwa katika kituo cha polisi kama ushahidi, kisha kikaibwa na kurudishwa sokoni. Hebu litafakari hilo, ewe msomaji. Msako ulifanyika, kileo kikashikwa, kumbukumbu zikaandikwa, na bado wananchi wakakinywa.

Ni muhimu tuelewe sumu hii hutoka wapi, kwa kuwa hapo ndipo wengi wa viongozi wetu hupotea njia. Nafaka na sukari zikichachuliwa hutoa methanoli kidogo sana, isiyoweza kuangamiza kijiji kwa usiku mmoja. Kiasi kinachoua halaiki hutoka kiwandani. Huwa kimeagizwa kwa matumizi halali, kikachepushwa njiani, na kuongezwa katika kileo na mfanyabiashara anayetaka pipa moja liwe matatu. Mfanyabiashara huyo si yule mama mwenye sufuria na kuni. Lakini polisi wakija, ni sufuria ya mama inayopigwa teke, kwa sababu sufuria haikimbii na mama hana wakili.

Hapa nitawaomba wasomaji tuirudie Scotland, kwa kuwa kuna jambo katika historia yake ambalo wenye chupa za bei ghali hawalitangazi sana. Wiski ile ilikuwa chang'aa. Hadi mapema karne ya 19, sehemu kubwa ya kileo cha milima ya Scotland ilikenekwa mafichoni, kandokando ya vijito, na kusafirishwa usiku kwa farasi. Ushuru na masharti ya leseni yalikuwa mazito kiasi kwamba mkulima mdogo hakuyamudu, basi akajificha. Maofisa waliisaka mitambo yake, wakaivunja, naye akaunda mingine. Inasimuliwa kwamba Mfalme George wa Nne alipozuru Edinburgh mwaka 1822, aliomba aletewe wiski ya Glenlivet, ambayo wakati huo ilikuwa haramu kwa mujibu wa sheria zake mwenyewe.

Mwaka uliofuata, 1823, Bunge la Uingereza lilibadili njia. Leseni iliwekwa kwa pauni 10, ushuru ukapunguzwa, na mkenekaji akaambiwa: jitokeze, tupime, ulipe, ufanye kazi yako. Mwaka 1824 mkulima aitwaye George Smith wa bonde la Livet akachukua leseni. Majirani zake waliobaki katika magendo waliapa kumchomea kiwanda, naye akawa anatembea na bastola mbili kiunoni. Lakini katika miaka michache idadi ya viwanda vyenye leseni iliongezeka zaidi ya maradufu, na magendo yakafifia. Utukufu tunaouonja leo katika mapipa ya sheri haukuanza na ulimi wa mjuzi. Ulianza na leseni ambayo mtu wa kawaida aliweza kuilipia.

Sasa tujitazame. Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani waliolitumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, ndio waliolipa eneo la Kibra jina lake, maana yake msitu. Katika enzi hizo baadhi ya wanawake wa mtaa huo walijulikana Nairobi nzima kwa kileo chao kilichoitwa jini ya Kinubi. Hivyo ukenekaji katika mtaa huo haukuletwa jana na vijana waliokosa kazi. Umri wake unakaribia ule wa jiji. Serikali ya mkoloni iliuharamisha, ikitumia pia Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ambao ulizuia vileo vikali visimfikie Mwafrika huku Mzungu akiendelea kujimiminia wiski yake. Kenya huru ikairithi marungu hiyo. Sheria ya Kupiga Marufuku Chang'aa ya mwaka 1980 iliifanya kuwa hatia kuipika, kuiuza na hata kuwa nayo.

Miaka 30 ya marufuku haikuimaliza. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliibatiza Sheria ya Mututho, kwa jina la aliyekuwa mbunge wa Naivasha, John Mututho. Sheria hiyo iliifuta ile ya 1980. Kwa mara ya kwanza tangu marufuku hayo, chang'aa ikawa kileo halali kikifuata masharti. Wengi walishangilia, nami nilikuwa miongoni mwao.

Lakini tuyasome masharti. Chang'aa ifungashwe katika chupa za glasi. Chupa isiwe ya chini ya mililita 250. Iwe na kibandiko na maonyo. Itengenezwe na mwenye leseni, mahali palipokaguliwa. Kila sharti, likitazamwa peke yake, lina busara. Yakikusanywa pamoja, yanamwelekea mwenye mtaji. Mama wa Kawangware ataipata wapi mashine ya kufunga chupa, na katika chumba kipi cha mabati atakachokifungulia kwa mkaguzi? Na mteja wake, kibarua aliyelipwa ujira wa siku, ananunua glasi moja. Chupa nzima haimo katika hesabu yake. Matokeo ni kwamba uhalali ulibaki kwenye karatasi. Waliofaidika ni watengenezaji wa vileo vikali vya bei nafuu, ambao baadhi yao walijaza maduka chupa zenye vibandiko vya kupendeza na kilichomo kikajulikana na Mungu pekee. Mgema wa mtaani alitolewa katika marufuku ya sheria akaingizwa katika marufuku ya gharama.

Wako watakaosema kwamba mtu akiwa maskini anywe maji. Naheshimu msimamo huo, hasa ukitoka kwa viongozi wa dini na kwa akina mama ambao mishahara ya waume zao huishia vilabuni. Sijasahau watoto wanaolala njaa, wala vijana waliozeeka kabla ya miaka 30. Kileo, hata kiwe safi namna gani, kina madhara yake, na makala haya hayamwombi mtu yeyote ainue glasi. Lakini wanaotumia hoja hiyo kuitetea misako sharti wajibu swali moja: ni mtaa gani umeacha kunywa kwa sababu sufuria zilimwagwa? Mwezi Julai 2015 serikali iliamuru vileo vya bei rahisi viteketezwe katika eneo la kati, na wabunge wakaongoza umati kuvunja maghala mbele ya kamera. Miaka tisa haikutimia kabla ya Kirinyaga kuzika watu wake. Adhabu ya kunywa haipaswi kuwa upofu, wala umaskini si hatia ya kunyongewa.

Tena tunao ushahidi kwamba njia nyingine inawezekana. Mwaka 2004 kampuni ya East African Breweries ilianzisha bia ya Senator, inayouzwa kwa mapipa, na serikali ikaipunguzia ushuru kwa sababu iliyoelezwa waziwazi: kumvuta mlalahoi kutoka kwenye sumu. Wanywaji wengi walihama. Ilipofika Oktoba 2013, ushuru ukarudishwa, bei ikapanda, na mauzo yakaporomoka vibaya. Mkasa wa Embu na Kiambu ulitokea Mei 2014. Sidai kwamba jambo la kwanza ndilo lililozaa la pili. Nasema tu kwamba serikali yenyewe ilisoma alama za nyakati, na mwaka 2015 ikaupunguza ushuru huo tena. Mlevi wa Kawangware hapendi sumu. Hununua anachokimudu.

Majirani zetu wa Uganda nao walijaribu. Kwa sheria ya mwaka 1965, wapikaji wa enguli vijijini walitakiwa kuwa na leseni na kuuza kileo chao kwa kampuni iliyokikeneka upya na kukisafisha. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Uganda Waragi inayouzwa hata kwetu. Mpango huo haukukamilika. Wapikaji wengi waliendelea kuuza pembeni, na mwaka 2010 methanoli iliua watu makumi kadhaa katika eneo la Kabale. Ila funzo la msingi limesimama: kileo cha mkulima chaweza kukusanywa, kikakenekwa tena na kupimwa, bila kumgeuza mkulima kuwa mhalifu. Pale palipopimwa, watu walikunywa wakaamka.

Basi tufanyeje? Kwa maoni yangu, kwanza, kaunti ya Nairobi, ambayo chini ya Katiba ya 2010 ndiyo yenye mamlaka ya kutoa leseni za vileo, ibuni leseni ya mgema mdogo, tena kwa ada anayoweza kuilipa. Leseni hiyo iwe ya kikundi. Wagema 20 wa Kawangware au wa Laini Saba washirikiane mtambo mmoja wa shaba au wa chuma kisichoshika kutu, mahali penye maji safi, na kila pipa litolewe sampuli kabla ya kuuzwa. Shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, na Mkemia Mkuu wa Serikali wana ujuzi wa kuipima methanoli. Kazi iliyobaki ni kuwatuma mtaani kabla ya mazishi, si baada yake.

Pili, sharti la chupa ya mililita 250 lilegezwe kwa kilabu chenye leseni, ili kileo kilichopimwa kiuzwe kwa kipimo kutoka chombo kilichofungwa kwa lakiri, kama bia ya pipa inavyouzwa. Tatu, tuifuate methanoli badala ya sufuria. Kila lita inayoingia nchini iwe na mwenyewe, na aulizwe ilikokwenda. Itiwe rangi na uchungu tangu bandarini ili, pale ambapo ulimi na jicho vimeshindwa, tuvipe nguvu ya kutambua. Nne, itangazwe katika kila zahanati ya Kibera na Kawangware kwamba mtu anayeona ukungu baada ya kunywa atatibiwa bila kuulizwa alikunywa wapi, na dawa iwepo.

Najua haya hayatapendwa na kila mtu. Yupo afisa ambaye msako humletea chai, na hatafurahi mgema akipata cheti cha kutundika ukutani. Yupo mfanyabiashara ambaye mtungi wake wa plastiki hauwezi kushindana na kileo kilichopimwa. Na yupo mheshimiwa ambaye kura zake zimo katika kulaani ulevi jukwaani mchana, kisha usiku akajadili pipa la sheri na wenzake. Hao watatu, kila mmoja kwa njia yake, wananufaika na giza.

Sisi tulio nje ya mabanda hatuna haki ya kuuita ulimi wa mnywaji wa chang'aa ulimi wa kishenzi. Unajua mengi. Unajua moto ulipozidi, unajua wimbi lilipopunguzwa, unajua maji yalipoongezwa. Lisilo katika uwezo wake ni lile lisilo katika uwezo wa ulimi wowote duniani, na kwa ajili hiyo ndipo binadamu walipounda serikali, mizani na maabara. Waskoti walilifahamu hilo mwaka 1823. Bunge letu likutane na kaunti, likae na wagema wenyewe mezani, lizirekebishe kanuni za 2010 kabla kijiji kingine hakijaamka gizani jua likiwa limechomoza.